Jinsi ya Kusoma Ahadi za Kisheria za Nchi Yako Kuhusu Haki ya Elimu

Mzazi anapewa karatasi shuleni: mchango wa ulinzi, mchango wa mitihani, mchango wa madawati. Juu imeandikwa "hiari". Chini kuna tarehe ya mwisho ya kulipa, na mtoto ameshaambiwa kwamba asiye na risiti haingii chumba cha mtihani. Je, sheria inaruhusu? Mara nyingi jibu lipo, na serikali yenyewe ndiyo iliyoliandika, pengine miaka mingi kabla ya karatasi hiyo kuchapwa. Tabu ni kwamba jibu limetawanyika. Kipande kiko kwenye mkataba wa kimataifa, kingine kwenye katiba, kingine kwenye sheria ya elimu, na kingine kwenye waraka ambao huenda hata mkuu wa shule hajawahi kuushika.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu, mjumbe wa kamati ya shule au mwandishi wa habari ambaye si mwanasheria. Unahitaji intaneti, daftari na jioni chache za utulivu. Zifuate hatua kwa mpangilio wake. Ukianza na sheria za ndani kabla ya mikataba, utaisoma sheria bila kujua ilitakiwa ifike wapi.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Haki ya elimu" ni pana mno kuitafuta hivyo hivyo. Andika jambo linalokusumbua. Je, shule ya umma inaweza kumzuia mtoto kufanya mtihani kwa sababu ya mchango? Je, msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi darasani? Je, mtoto wa mkimbizi anaweza kukataliwa kwa kukosa cheti cha kuzaliwa? Liweke swali juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Kila hati utakayofungua, itafute jibu la swali hilo tu, la sivyo utazama kwenye kurasa.

Hatua ya 2: Orodhesha mikataba inayohusika

Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948 lilitamka kwenye ibara ya 26 kwamba kila mtu ana haki ya kupata elimu, na kwamba elimu ya ngazi za mwanzo itolewe bure na iwe ya lazima. Ni maneno mazito, lakini azimio si mkataba. Ukitaka kuibana serikali kisheria, anza na mikataba iliyofuata:

- Mkataba wa UNESCO wa Kupinga Ubaguzi katika Elimu, 1960.
- Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, 1966, ibara za 13 na 14. Huu ndio uti wa mgongo wa somo zima.
- Mkataba wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, 1979, ibara ya 10.
- Mkataba wa Haki za Mtoto, 1989, ibara za 28 na 29.
- Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, 2006, ibara ya 24.

Kwa mkimbizi, ongeza Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 22, unaotaka mkimbizi atendewe sawa na raia katika elimu ya awamu ya kwanza. Kwa mtoto aliyeachishwa shule ili akafanye kazi, chukua mikataba ya Shirika la Kazi Duniani namba 138 na 182. Huo wa pili, unaopiga marufuku aina mbaya kabisa za ajira za watoto, uliridhiwa na nchi zote wanachama wa shirika hilo ilipofika Agosti 2020, kwa hiyo hapo huna haja ya kukisia.

Kisha tazama mikataba ya bara lako. Afrika ina Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, na Itifaki ya Maputo ya 2003 kuhusu haki za wanawake. Ulaya ina Itifaki ya Kwanza ya Mkataba wa Haki za Binadamu, ibara ya 2. Nchi za Amerika zina Itifaki ya San Salvador ya 1988. Usiidharau mikataba ya kanda, maana wakati mwingine inasema wazi jambo ambalo ile ya dunia imelipita. Ibara ya 11 ya mkataba wa Afrika wa mtoto, kwa mfano, inataka wasichana wanaopata mimba kabla ya kumaliza masomo wapewe nafasi ya kuendelea nayo. Mkataba wa dunia wa 1989 haulitaji jambo hilo kwa uwazi namna hiyo.

Hatua ya 3: Hakikisha nchi imeridhia, na kwa masharti gani

Fungua tovuti ya mikataba ya Umoja wa Mataifa, treaties.un.org. Kila mkataba una jedwali la nchi lenye safu mbili za tarehe: ya kusaini na ya kuridhia. Tarehe inayoifunga nchi ni ya safu ya pili. Ukiona herufi "a" pembeni ya tarehe, nchi ilijiunga moja kwa moja bila kusaini kwanza. Herufi "d" ina maana kwamba iliurithi mkataba kutoka kwa dola iliyoitangulia. Mikataba ya UNESCO, ya Shirika la Kazi Duniani na ya Umoja wa Afrika itafute kwenye tovuti za taasisi hizo zenyewe.

Kusaini si kuridhia. Marekani ilisaini Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1995 na mpaka leo haijauridhia. Nchi iliyosaini tu ina wajibu wa kutofanya jambo litakaloharibu lengo la mkataba, basi. Huwezi kwenda nao mahakamani kana kwamba imekula kiapo.

Sasa teremka chini ya jedwali. Hapa ndipo wengi hufunga ukurasa mapema mno. Chini kuna matamko ambayo nchi iliyatoa siku ya kujiunga, ikisema ni kifungu gani haikubali kufungwa nacho. Zambia ilipojiunga na mkataba wa 1966, mwaka 1984, ilijiwekea haki ya kuahirisha utekelezaji wa kifungu cha elimu ya msingi kwa sababu ya gharama. Singapore ilipojiunga na Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1995, ilisema haijifungi na sharti la kuifanya elimu ya msingi iwe ya lazima, na kwamba elimu ya bure itawahusu watoto walio raia wake. Matamko ya namna hii yanaweza kuondolewa baadaye, kwa hiyo soma pia maelezo madogo yaliyo chini yake. Mkataba wa UNESCO wa 1960 haupokei tamko lolote la aina hiyo: nchi inaupokea wote au inauacha wote.

Hatua ya 4: Soma vitenzi

Hatua hii ipe muda kuliko nyingine zote. Mikataba ya elimu ina ahadi za uzito tofauti, na uzito wenyewe umo katika kitenzi.

Chukua ibara ya 13 ya mkataba wa 1966. Elimu ya msingi "itakuwa ya lazima na itatolewa bure kwa wote". Hakuna "ikiwezekana" wala "kadiri uwezo utakavyoruhusu". Teremka hadi elimu ya sekondari: hiyo itafanywa ipatikane kwa wote kwa kila njia inayofaa, hasa kwa kuanzisha elimu ya bure hatua kwa hatua. Elimu ya juu nayo ifikiwe na wote kwa usawa, kwa kuangalia uwezo wa mtu kimasomo, na hapo tena ada iondolewe hatua kwa hatua. Ngazi tatu, ahadi tatu. Anayeilaumu serikali kwa kutoza ada ya chuo kikuu kwa kutumia sentensi ya elimu ya msingi atajibiwa kwa dakika moja.

Maneno "hatua kwa hatua" ndiyo maficho yanayopendwa na maofisa. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo iliyafafanua mwaka 1999 katika Maoni ya Jumla namba 13, na kila anayeshughulikia jambo hili anapaswa kuyasoma. Kamati inasema kuna wajibu usiosubiri fedha. Kutobagua ni wajibu wa leo. Kuchukua hatua za makusudi, zinazoonekana na zenye shabaha ni wajibu wa leo pia. Na kurudi nyuma, kwa mfano kurudisha ada iliyokwisha kufutwa, huhesabiwa ni kosa mpaka serikali ithibitishe kwamba ilipima kwanza kila njia nyingine. Kamati inaongeza kwamba ulinzi dhidi ya ubaguzi unamhusu kila mwenye umri wa kwenda shule anayeishi ndani ya nchi, awe raia au si raia, awe na karatasi za ukaazi au asiwe nazo.

Maoni hayo yanapima elimu kwa mambo manne. Kwanza, shule na walimu wawepo wa kutosha. Pili, mtoto aweze kuzifikia, na hapa umbali, ada na ubaguzi vinahesabiwa pamoja. Tatu, kinachofundishwa na namna kinavyofundishwa vikubalike, vikiheshimu utu wa mtoto. Nne, elimu iweze kubadilika kumfuata mtoto na jamii yake. Andika manne hayo kando ya swali lako, uone limeangukia wapi.

Kuhusu michango, soma pia Maoni ya Jumla namba 11 ya mwaka huo huo. Ni mafupi. Yanasema elimu ya msingi ya bure ina maana ya kutomtoza mtoto, mzazi wala mlezi, iwe anayetoza ni serikali kuu, mamlaka ya mtaa au shule. Kisha yanagusa jambo lenyewe: michango ya lazima inayopewa sura ya hiari ilhali si hiari, na sharti la kununua sare ya bei ghali kiasi, vinaweza kuingia kundi moja na ada. Kwa maoni yangu, hakuna maandishi mengine ya kimataifa yaliyomfahamu mzazi wa kawaida kama aya hiyo. Chapisha nakala, piga mstari, uende nayo kwenye kikao cha shule.

Mkataba wa Haki za Mtoto una lugha laini kidogo, kwa sababu ibara ya 28 inaanza kwa kusema haki hii itafikiwa hatua kwa hatua na kwa msingi wa fursa sawa. Nchi ikiwa imeridhia yote miwili, tegemea ule wa 1966 kwa suala la ada, na huu wa 1989 kwa mambo ambayo una nguvu zaidi, kama nidhamu ya shule inayolinda utu wa mtoto.

Hatua ya 5: Tafuta mkataba unaingiaje ndani ya nchi

Kuna nchi ambazo mkataba ukisharidhiwa unakuwa sheria papo hapo. Kwingine mkataba hausikiki mahakamani mpaka bunge litunge sheria ya kuuingiza. Jibu utalipata ndani ya katiba: tafuta neno "mikataba" au "sheria za kimataifa". Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za nchi hiyo. Hata pale ambapo mkataba haujaingizwa, Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba, ibara ya 27, haukubali serikali ijitetee kwa sheria zake za ndani. Majaji wengi pia husoma sheria ya ndani kwa namna isiyogongana na mkataba.

Ukiwa hapo hapo kwenye katiba, angalia neno "elimu" limekaa sura ipi. Likiwa kwenye sura ya haki, unaweza kudai mahakamani. Likiwa kwenye malengo na miongozo ya sera ya serikali, mara nyingi katiba yenyewe imewazuia majaji kulitekeleza. India ilianza hivyo: katiba yake iliiweka elimu ya watoto miongoni mwa miongozo ya sera. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba mtoto ana haki ya msingi ya kupata elimu ya bure hadi miaka 14. Mwaka 2002 katiba ikabadilishwa, na sheria ya utekelezaji ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2010.

Ndani ya sura ya haki, rudi tena kwenye vitenzi. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya elimu ya msingi bila kuongeza sharti, kisha inaitaja elimu ya ngazi za juu kuwa ni ya kupatikana hatua kwa hatua kwa njia za busara. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilipokea shauri la shule ya umma ya Juma Musjid ambayo mwenye ardhi alitaka iondolewe. Mahakama ikasema haki ya elimu ya msingi inadaiwa papo hapo, kwa sababu katiba haikuiwekea breki iliyoiwekea ile nyingine.

Hatua ya 6: Shuka hadi kwenye waraka

Sasa chukua sheria ya elimu, kanuni zake na nyaraka za wizara. Kila hati ihoji kwa maneno matatu.

"Bure" ni nini? Tafuta sehemu ya tafsiri mwanzoni mwa sheria. Kuna sheria zinazofuta ada ya mafunzo peke yake na kuacha mlango wazi kwa michango mingine, pengine kwa ruhusa ya waziri au ya kamati ya shule.

"Lazima" ni hadi umri gani? Linganisha umri wa kumaliza elimu ya lazima na umri wa chini wa kuajiriwa na wa kufunga ndoa. Mkataba namba 138 unataka umri wa kuajiriwa usiwe chini ya ule wa kumaliza elimu ya lazima. Pengo la mwaka mmoja hapo lina watoto ndani yake.

"Kila" ni nani? Soma kanuni za uandikishaji na za kufukuza shule. Ubaguzi haukai sana kwenye sheria mama, umejificha kwenye kanuni. Tanzania ilikuwa na kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi, ambazo zilitumika kuwatoa shuleni wasichana wajawazito. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwaruhusu kurudi, na mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ikaamua kwamba haki za wasichana hao zilikuwa zimevunjwa.

Angalia pia ahadi imekaa kwenye hati ya ngazi gani. Waraka unaweza kuleta nafuu kubwa, lakini wizara inaweza kuufuta kwa waraka mwingine. Sheria inahitaji bunge. Katiba inahitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya 7: Omba mpango na bajeti

Ibara ya 14 ya mkataba wa 1966 inasema nchi ambayo ilipojiunga haikuwa imefikia elimu ya msingi ya lazima na ya bure, iandae ndani ya miaka miwili mpango wa kina wenye idadi ya miaka iliyotajwa. Andikia wizara, uombe nakala. Kama mpango haupo, huo tayari ni ushahidi.

Bajeti itazame kwa tahadhari. Viwango vinavyotajwa sana, asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa au 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali, vinatoka kwenye mpango wa Elimu 2030 uliopitishwa mwaka 2015. Ni makubaliano ya kisiasa, si sheria. Vitumie kama kipimo, usiseme serikali imevunja mkataba kwa kutovifikia.

Hatua ya 8: Soma serikali imekwisha kuambiwa nini

Nchi iliyoridhia hupeleka ripoti kwenye kamati ya mkataba, kwa kawaida kila baada ya miaka kadhaa. Kwenye tovuti ya Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu, tafuta jina la nchi na ufungue kwanza maoni ya hitimisho ya kamati. Yana kurasa chache, na sehemu ya elimu haizidi aya mbili tatu. Kisha soma ripoti ya serikali yenyewe, kwa sababu humo utakuta maofisa wamekiri mambo ambayo nyumbani wanayakana. Ripoti mbadala za asasi za kiraia ziko kwenye ukurasa huo huo. Katika tathmini ya nchi zote inayofanywa na Baraza la Haki za Binadamu, tofautisha pendekezo "lililokubaliwa" na "lililozingatiwa". Neno la pili ni lugha ya kidiplomasia ya kukataa.

Hatua ya 9: Andika ukurasa mmoja na uupeleke

Juu weka swali lako. Chini yake weka mkataba, ibara na tarehe ya kuridhia, kisha ibara ya katiba, kifungu cha sheria, namba ya waraka, na maneno ya kamati kama yapo. Mwisho eleza kilichotokea, ukiambatisha karatasi ya mchango, barua ya kufukuzwa au risiti. Usiongeze hasira. Ofisa atakayeisoma anatafuta kisingizio cha kuiweka kando, na matusi humpa kisingizio hicho.

Peleka kwanza kwa mkuu wa shule na kamati yake, halafu ofisi ya elimu ya wilaya, wizara, na tume ya haki za binadamu kama ipo. Kila unapokwenda, acha nakala na urudi na nyingine iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo utauhitaji baadaye, kwa kuwa vyombo vingi vya kimataifa havipokei lalamiko mpaka uonyeshe kwamba umemaliza njia za ndani ya nchi. Mahakama ya Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi haidai hivyo, na ndiyo iliyoamua Desemba 2019 kwamba Sierra Leone ilikosea kuwazuia wasichana wajawazito kuhudhuria shule. Zuio likaondolewa Machi 2020.

Kwa kamati za Umoja wa Mataifa, hakikisha nchi imeridhia pia itifaki ya malalamiko: ile ya mkataba wa 1966 ilianza kutumika tarehe 5 Mei 2013, na ya Mkataba wa Haki za Mtoto tarehe 14 Aprili 2014. Bila itifaki hiyo lalamiko la mtu binafsi halisikilizwi, hata kama mkataba mama umeridhiwa. Zote mbili zinataka lalamiko lifike ndani ya mwaka mmoja tangu njia za ndani zilipokwisha, kwa hiyo siku ya hukumu ya mwisho iandike kwenye daftari kabla hujatoka mahakamani.